Priscila Anastazi na Matangazo Matatu

Ndugu waombolezaji, wasifu huu si mgeni masikioni mwa wote mliopo. Umekwisha kusomwa mara tatu hapa hapa msibani, Jumatano, Alhamisi na jana Ijumaa, kila jioni baada ya rozari, na kila mara waliokuwepo waliulizwa kama kuna mwenye pingamizi. Ndivyo marehemu alivyoagiza. Alisema hakuna mtu anayesingiziwa mema kama maiti, na kwamba yeye asingependa kuingia kaburini amevalishwa sifa za mtu mwingine. Basi pingamizi zilitolewa, tena si haba, na zimeingizwa mahali pake pamoja na majina ya waliozitoa. Mkisikia maneno ambayo kwa kawaida hayasemwi makaburini, msishangae, yamepita kwenye chekeche.

Marehemu Priscila Anastazi alizaliwa Bukiriro, wilayani Ngara, Jumanne tarehe 16 Januari 1951, akiwa mtoto wa pili wa katekista Anastazi na mkewe Speciosa. Baba yake alikuwa na shamba la migomba, mbuzi wachache, na sauti iliyosikika hadi nyuma ya kigango. Kazi yake kila Jumapili ilikuwa kusoma matangazo ya ndoa: fulani wa mahali fulani anataka kumwoa fulani, na anayejua kizuizi aseme. Yalisomwa Jumapili tatu mfululizo, na Priscila aliyasikiliza kutoka benchi la mbele, miguu ikining'inia.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, Jumapili ya tatu ya tangazo moja, bibi mmoja alisimama akasema kwamba bwana harusi na bibi harusi wana nyanya mmoja, na kwamba yeye ndiye aliyewapokea mama zao wote wawili walipozaliwa na nyanya huyo. Pombe ya ndizi ilikuwa imeshaiva, jamaa walikuwa wameshafika kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu, na wazee wa upande wa bwana harusi walimkunjia katekista uso kana kwamba yeye ndiye aliyewafanya ndugu. Njiani kurudi nyumbani, mtoto alimuuliza baba yake kwa nini alisoma tangazo la tatu wakati alijua fika karamu iko tayari. Katekista Anastazi alimjibu kwamba tangazo lisiloweza kupingwa si tangazo, ni kelele tu. Maneno hayo aliyatunza maisha yake yote, na wengi wenu mliyasikia kwake mkadhani ni ya kwake.

Alianza shule ya msingi Bukiriro mwaka 1959, akaendelea Rulenge kwa masista, kisha sekondari mjini Bukoba, ambako alitaniwa kwa Kihangaza chake, lugha ya kwao Ngara, mpaka alipowazidi watani wake katika mtihani. Mwaka 1970 alikwenda chuo cha kilimo Ukiriguru, karibu na Mwanza, na mwaka 1973 alirudi Ngara akiwa bibi shamba wa Bugarama, mwenye baiskeli, buti na kofia ya majani. Baadaye, akiwa tayari ni mama wa watoto watatu, alisoma shahada ya kilimo Morogoro na kuhitimu mwaka 1986. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu tuliandika kwamba alikuwa mwanafunzi mtulivu. Mdogo wake, Bonaventura, aliweka pingamizi siku ya Jumatano. Alisema dada yake alikuwa mbishi tangu tumboni, na kwamba Ukiriguru aliwahi kumfuata mkufunzi hadi kantini kumwonyesha kwamba jedwali la ubaoni halijumliki. Tumerekebisha.

Huko Ukiriguru ndiko alikokutana na Shilinde Ngassa, kijana wa Kisukuma aliyesomea mifugo na ambaye baadaye alipangiwa kazi Biharamulo, mahali ambapo jamaa zake walikuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Ndoa yao ilitangazwa katika kanisa la Biharamulo mwezi Septemba 1976. Ilitokea kwamba Jumapili ya pili baba mdogo wa bwana harusi, Mzee Bulugu, alikuwamo kanisani. Mzee Bulugu hakuwa Mkristo. Alikuja kuona tu mambo ya mwanawe yanavyokwenda, akakaa mbele kabisa kwa heshima. Padri alipouliza kama kuna mwenye kujua kizuizi, Mzee Bulugu aliona ameulizwa swali na mtu mzima mwenzake, naye hakuzoea kuulizwa akanyamaza. Alisimama akavua kofia.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Kijana ni mzuri, lakini anakoroma. Binti wa watu aambiwe mapema, asije akasema tulimficha."

Kanisa lilicheka mpaka mishumaa ikayumba. Padri, ambaye alikuwa mtu wa hekima, hakumkalisha mzee kwa aibu. Alimgeukia Priscila na kumuuliza kama amesikia. Priscila alisimama akasema amesikia, anashukuru kwa kuambiwa, na anaendelea. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 2 Oktoba 1976, na mtoto wao wa kwanza walimwita Bulugu. Hadi uzee wake marehemu alipenda kuwaambia wasomi kwamba katika maisha yake hajapata kuona tathmini nyingine ya kitaalamu iliyotolewa kwa upendo kiasi kile, tena ikathibitika kuwa sahihi usiku wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi yake, na hapa tunaomba mvumilie, kwa sababu ndipo penye uzito.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakiwa wengi kuliko macho yalivyoweza kubeba, na kwa siku chache Ngara ikawa na mji mkubwa kuliko miji yote aliyokuwa ameiona Priscila. Baada ya wakimbizi walikuja wenye maturubai, na baada ya wenye maturubai walikuja watafiti. Walipima maji, kuni, maharage, kuhara, huzuni. Walikuwa na magari meupe na haraka nyingi. Wengi walikuwa watu wema, na marehemu hakupenda wasemwe vibaya. Mmoja wao, mgeni aliyeongoza utafiti juu ya afya ya vijiji vilivyopakana na kambi, alimwomba Priscila asimamie wakusanyaji wa takwimu katika Bukiriro na Bugarama, kwa kuwa alijua njia zote na kila nyumba ilimjua.

Kazi ilifanyika Septemba 1994. Wadadisi wote walikuwa vijana wa huku huku, waliolelewa vizuri. Na hapo ndipo kosa lilipopita mlangoni likiwa limevaa adabu. Katika milima yetu, akina mama wa wakati ule hawakumtaja kwa hesabu mtoto ambaye bado ananyonya. Mtoto wa mgongoni alikuwa bado mgeni wa Mungu, na kumhesabu mbele za watu ilikuwa ni kama kumwita huyo Mungu asikie, amchukue. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, alitaja waliokwisha kuachishwa. Mgeni kutoka mbali angeona mtoto mgongoni akauliza, "Na huyu?" Lakini wadadisi wetu hawakuuliza, maana kuuliza kungekuwa utovu wa adabu ambao mama zao wenyewe wasingewasamehe. Na Priscila, mwenye shahada, hakuliona hilo kwenye dodoso hata moja, kwa sababu na yeye alilelewa vivyo hivyo.

Zaidi ya hapo, nyumba ya mdogo wake Bonaventura aliiandika yeye mwenyewe. Wifi yake alimkaribisha uji, akajibu kila swali, akasema ana watoto wawili, na Priscila akaandika wawili. Wakati anaandika, mtoto wa tatu, Ineza, mwenye miezi kumi, alikuwa mgongoni mwa mama yake akinyoosha mkono kuvuta kalamu ya shangazi. Priscila alimnyang'anya kalamu kwa upole, akambusu kidole, akaendelea na swali lililofuata.

Makala ilichapwa ng'ambo mapema mwaka 1995, katika jarida la kitaalamu ambalo hakuna mtu wa Ngara aliyeweza kulipata. Walioandikwa humo walikuwa watu wa mwisho duniani kujua wameandikwa nini. Lakini wapangaji wa huduma za afya walilipata, na kutokana na makala ile walipanga idadi ya dozi za chanjo ya surua kwa vijiji vya wenyeji, kwa sababu kliniki ya kawaida ilikuwa imelegea tangu wahudumu na majokofu kuhamishiwa kambini. Hakuna aliyekusudia mabaya. Kwenye karatasi vijiji vyetu vilikuwa na watoto wachanga wachache mno, na dozi zikaja chache. Siku ya chanjo, chupa zilikwisha na foleni bado imezunguka ghala la kijiji, na wengi waliorudishwa walikuwa akina mama wenye watoto mgongoni.

Surua iliingia Juni 1995. Bukiriro ilizika. Ineza aliugua majuma mengi, na Mungu alimrudisha, ila jicho lake la kushoto halikurudi na mwili. Priscila ndiye aliyembeba kutoka zahanati hadi hospitali ya Biharamulo, akakaa naye wodini, na huko ndiko alikoelewa. Alimwona muuguzi akihesabu wagonjwa kitanda kwa kitanda, akamsikia mama mmoja akisema ana watoto watatu huku wa nne yuko kifuani mwake. Aliwaeleza watoto wake baadaye kwamba alihisi mtu amemmwagia maji ya baridi mgongoni. Hakumlaumu mama yule, wala hakumlaumu mgeni. Alilia, akafuta uso, akaanza kutafuta namna ya kuirekebisha makala ili kosa lisiue tena kwingine.

Hapo alipambana na ukuta. Aliandika kwa wenye jarida. Walimjibu kwa adabu kwamba masahihisho hupokelewa kutoka kwa waandishi wa makala, na yeye hakuwa mwandishi. Jina lake lilikuwa kwenye shukrani, mwishoni kabisa, pamoja na madereva na mpishi. Aliomba angalau nakala ya makala yenyewe, akaambiwa inauzwa. Yule mgeni aliyeongoza utafiti, aliposikia, alimtumia nakala yake mwenyewe na kuahidi kusahihisha, na alisahihisha kweli, lakini masahihisho yalitoka baada ya mwaka mzima, yakiwa mistari michache ukurasa wa nyuma. Priscila alisema kule kwao hata ndoa ya kichaa na mlevi ingepata nafasi ya kupingwa kabla haijafungwa, lakini neno kuhusu vijiji viwili lilipita bila mtu wa vijiji hivyo kuulizwa, na kumbe mwenye kizuizi alikuwa hapo hapo mgongoni.

Kutokana na uchungu huo lilizaliwa Jarida la Ruvubu, Machi 1996, katika chumba kimoja cha parokia ya Biharamulo chenye mashine ya kudurufu iliyopaka kila mtu wino. Wasomi wengi wameandika kuhusu jarida hilo kwa maneno makubwa, lakini marehemu alilieleza kwa machache. Makala yoyote, ya msomi yeyote, hutangazwa mara tatu mahali ilikotolewa kabla ya kuchapwa: kwenye gulio, baada ya ibada, au kambini penye mabomba ya maji, kwa Kihangaza, Kirundi, Kisukuma au lugha yoyote ya waliosemwa. Mwenye pingamizi husimama na kutaja jina lake, na pingamizi lake huchapwa chini ya makala, hata kama mwandishi hakubaliani nalo. Na jarida haliuzwi. Kilichotoka vinywani mwa watu, alisema, hakiwezi kuuzwa kwa watu hao hao.

Watani waliziita "makala zinazochumbiwa", na walikuwapo wasomi waliofika Biharamulo wakiuliza kama walete na mahari. Si kila pingamizi lilikuwa la maana. Mzee mmoja wa Bugarama alipinga makala ya mihogo kwa sababu mwandishi hakumsalimia shikamoo, na pingamizi hilo lilichapwa kama lilivyo. Mwandishi alirudi kumsalimia, akapewa mbegu.

Mtihani mkubwa ulikuja Desemba 1996. Pancras, kijana wa Biharamulo aliyekuwa mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, aliandika makala juu ya foleni za maji katika kambi ya Benaco. Ilikuwa kazi nzuri, na kupandishwa kwake cheo kuliitegemea. Ilikwisha kutangazwa kambini mara mbili bila neno. Tangazo la tatu lilipangwa Jumapili tarehe 22. Lakini kabla ya Jumapili hiyo wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na siku hiyo Benaco ilikuwa nguzo, mashimo na kunguru. Pancras alikwenda kwa Priscila akiwa na makala mkononi na muda wa chuo ukimbana.

"Mama, mara mbili hakuna aliyepinga," alisema. "Ya tatu utamsomea nani? Asiyekuwepo na lake halipo."

"Hiyo methali, mwanangu, waliitunga waliokuwepo," alijibu Priscila.

Walibishana hadi chai ikapoa. Pancras alisema mama huyu anaharibu maisha ya mtu aliye hai kwa ajili ya watu ambao hawatarudi. Priscila alijibu kwamba ameshawahi kuchapa neno la watu bila kuwasubiri, na mmoja wao, Ineza, ambaye sasa alimlea yeye, amelala chumba cha pili na jicho moja. Mwisho aliichapa makala, lakini chini yake aliacha nusu ukurasa mtupu, na juu ya nafasi hiyo akaandika: Mahali hapa ni pa wenyewe, wakirudi. Kamati ya chuo iliikataa kwa kuwa haijakamilika. Pancras alikosa cheo, na kwa miaka sita hakumwamkia marehemu, hata walipokutana mlangoni mwa kanisa.

Hapa rasimu yetu ilisema kwamba marehemu alimvumilia Pancras kwa upole wa mama. Alhamisi jioni Pancras mwenyewe, ambaye leo ni profesa na yuko hapa kati yenu, alisimama kupinga. Alisema hakukuwa na upole wowote. Alisema Priscila alimwambia usoni kwamba ana kichwa kizuri na subira ya mbuzi, kisha akamlazimisha kula ugali kabla ya kuondoka, na kwamba miaka yote sita kila toleo la jarida lilimfikia bila kukosa, nusu ukurasa ule mtupu ukitangazwa upya kwenye jalada la ndani. Tumerekebisha, tena kwa furaha.

Mwaka 2002 mama mmoja wa Rwanda, aitwaye Niyonzima, aliyekuwa Benaco na sasa akifanya biashara Rusumo, alinunua karanga zilizofungwa kwa karatasi ya Jarida la Ruvubu. Mtoto wake alimsomea. Waliposikia kuhusu mahali pa wenyewe, mama yule alipanda basi hadi Biharamulo. Pancras alikuwa ameandika kwamba wanawake waliwatuma watoto kwenye foleni za alfajiri kwa sababu wao walishughulika na biashara ndogo ndogo. Niyonzima alisema la. Walituma watoto kwa sababu wanawake waliotoka wakati wa giza kwenda mabombani walivamiwa na wanaume, na kambini hakuna aliyethubutu kusimama mbele ya watu na kulisema hilo, si mara ya kwanza wala ya pili. Alisema pengine hata mara ya tatu asingethubutu. Lakini nafasi ilimsubiri mpaka akaweza.

Priscila hakumwita Pancras kumsuta. Alimpigia simu, akamwambia mgeni wake amefika. Pancras alisafiri usiku na mchana, akakaa mbele ya yule mama, akasikiliza mpaka mwisho, na wote wawili waliandika nusu ukurasa ule pamoja, kwa majina yao. Ulichapwa Aprili 2003. Makala hiyo iliyokamilika hutumiwa hadi leo na wanaopanga mahali pa kuweka mabomba na taa katika kambi, na kuna wanawake wasiolijua jina la Priscila ambao huchota maji kwa amani kwa sababu yake. Kwa hilo familia inamshukuru Mungu kuliko kwa heshima zote alizopata.

Heshima nazo zilikuja, taratibu. Mwaka 2006 aliitwa Mwanza mbele ya wasomi waliojadili kama makala za Jarida la Ruvubu zihesabiwe vyuoni. Waliona matangazo ni mazuri kwa wanakijiji, lakini wakataka kazi zipimwe na wataalamu wawili waliofichwa majina, kama ilivyo desturi ya majarida. Marehemu aliwasikiliza kwa heshima. Kisha alisema kwamba wataalamu anawakubali, hata watatu, lakini wataje majina.

"Kwetu," aliwaambia, "mtu anayepinga ndoa huku amejificha tunamwita mchawi."

Walicheka, kisha walibishana siku mbili. Jarida lilikubaliwa mwaka uliofuata, na majarida mengine ya nchi hii na ya jirani yameanza kutangaza makala kabla ya kuzichapa, kila moja kwa namna yake. Na mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipopita tena Ngara, kwenye kituo cha Lumasi, watafiti vijana walifika nyumbani kwa marehemu, wakamwamkia, wakamwomba awaonyeshe mahali pazuri pa kusomea tangazo. Walikwenda bila kulazimishwa na mtu. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amechoka sana na mwenye raha sana, akamwambia mumewe kwamba sasa anaweza kuugua.

Kwa kweli alikuwa ameshaanza. Tangu mwaka 2014 alisumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye figo. Alitibiwa Biharamulo na Bugando, Mwanza, na familia inawashukuru waganga na wauguzi kwa wema wao. Daktari alipomweleza kwamba figo hazitapona, marehemu alimwomba amwambie tena, kisha tena. Mara ya tatu alisema hana pingamizi, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki dunia hapa nyumbani kwake, Biharamulo, Jumanne tarehe 10 Mei 2016, saa tano asubuhi, mumewe akiwa ameshika mkono wake. Mzee Shilinde anaomba isemwe kwamba juma lile la mwisho yeye alilala kitini, akakoroma, na kila alipoamka alimkuta mkewe anatabasamu.

Sasa tunafika kwenye waliobaki, na hapa lazima tuseme lililotokea jana. Familia yote ilikaa kuandika sehemu hii: watoto, ndugu, wasomi wa kutosha kujaza darasa. Ilisomwa Jumatano, hakuna aliyepinga. Ilisomwa Alhamisi, kimya. Tuliandika kwamba marehemu ameacha wajukuu wanane. Jana, tangazo la tatu, Bibi Nyamizi, jirani yetu, ambaye hakuwepo siku mbili za kwanza kwa sababu ya miguu, aliinua mkono.

"Mnasema wanane," alisema. "Na huyo aliye mgongoni je?"

Bonaventura aliinama akafunika uso, na Profesa Pancras alitoka nje. Miaka ishirini na zaidi tumeishi na mama huyu, tumesikia kisa chake kwenye kila meza, na bado, siku ya kumwandika yeye, tulimruka mtoto yule yule wa mgongoni. Kisha Mzee Shilinde alianza kucheka kidogo kidogo, akasema Priscila amepata alichotaka, na msiba mzima ukacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Basi marehemu ameacha mume, Shilinde Ngassa. Watoto watatu, Bulugu, Joyceline na Philbert. Mdogo wake Bonaventura. Ineza, binti wa Bonaventura, aliyemlea kama wa kumzaa na ambaye ndiye anayewasomea maneno haya kwa jicho lake moja. Na wajukuu tisa. Wa tisa anaitwa Speciosa. Ana miezi saba, bado ananyonya, na sasa hivi yuko mgongoni mwa mama yake Ineza, hapa mbele yenu, akivuta karatasi hii. Amehesabiwa.

Priscila Anastazi, umetangazwa mara tatu, na hakuna tena mwenye neno. Pumzika kwa amani.